Mama anakunywa donepezili, binamu anasema ni ukoo wa dawa ya mahindi: kakosea wapi, kapatia wapi

Swali la msomaji: "Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 74, tupo Tanga. Alipimwa wakasema ana Alzheimer, akaandikiwa donepezili. Huu mwezi wa nne anakunywa na bado anasahau, juzi kaniita jina la marehemu dada yake. Binamu yangu ni bwana shamba, kasoma karatasi ya dawa akasema hii ni ukoo mmoja na dawa ya kuhifadhi mahindi, tunamlisha mama sumu. Kaka yupo Muscat, yeye anasema hii dawa ya zamani sana, anataka kutuma vidonge vya mmea wa Kichina. Je ni sumu kweli? Na kwa nini mpaka leo hawajatengeneza nyingine? Tuendelee au tuache?"

Marahaba dada, na pole sana na kuuguza. Kwanza kabisa msimwachishe mama dawa leo wala kesho kwa ajili ya maneno ya binamu, ila na binamu nae msimcheke maana hajakosea kama mnavyodhani. Kaona kwenye karatasi maneno "kizuia asetilikolinesterasi" na kwa bwana shamba hayo maneno ni ya kila siku, ndo sababu ya wao kuambiwa vaa glavu, vaa barakoa, usipulize dawa upepo ukikujia usoni. Kasoma vizuri tu, shida kaishia ukurasa wa kwanza. Mimi udokta wangu ni wa maabara, ni mfamasia niliekaa miaka na mirija nikipima hichohicho kimeng'enya (yani protini ya mwili inayofanya kazi ya kukata au kujenga kemikali), kwahiyo umenigusa penyewe na jibu litakuwa refu, weka chai karibu.

Kwenye ubongo seli za neva hazigusani, kuna kaupenyo kati ya moja na nyingine na ujumbe unavuka kale kaupenyo kwa kemikali. Ya kwanza kujulikana kati ya hizo kemikali ni asetilikolini. Otto Loewi, kule Graz Austria mwaka 1921, alichukua mioyo miwili ya vyura, wa kwanza akausisimua neva yake mpaka ukapunguza mwendo, kisha yale maji yaliyokuwemo akayahamishia kwenye moyo wa pili, na wa pili nao ukapunguza mwendo wakati neva yake haijaguswa. Yeye na Henry Dale wakapewa Nobel mwaka 1936. Sasa asetilikolini hiyohiyo ndo inaamrisha misuli, utumbo, mate, machozi, inapunguza kasi ya moyo, na ndani ya ubongo inabeba kazi ya umakini na kuingiza kumbukumbu mpya. Hiyo ya utumbo na moyo ishike, maana ndo imewasumbua watengeneza dawa mpaka leo.

Ujumbe ukishafika lazima ufutwe, la sivyo ni kama mgeni kabonyeza kengele ya mlango na haachii kidole. Anaefuta ni asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachoikata asetilikolini vipande viwili, na kina kasi ya ajabu, molekuli moja tu ya hicho kimeng'enya inakata maelfu ndani ya sekunde moja.

Kwa mgonjwa wa Alzheimer kilichogunduliwa mwaka 1976, na Peter Davies na Maloney kule Edinburgh, ni kwamba kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu kile kimeng'enya cha kutengeneza asetilikolini kimeshuka vibaya sana. Miaka michache baadae ikaonekana na seli zenyewe zinazoitengeneza, zipo chini ya ubongo upande wa mbele, zimekufa kwa wingi. Hapo ndo wazo la dawa ya mama likazaliwa. Chukulia tangi la maji la nyumbani, bomba linaloingiza limebaki linadondosha tone tone na chini tangi lina tundu linatoa maji. Bomba huwezi kulitengeneza maana mafundi wake, zile seli, wanakufa. Unachoweza ni kulibana lile tundu ili hayo matone yanayoingia yakae kidogo. Donepezili inabana tundu. Haigusi bomba, na hapo tayari nimeshajibu nusu ya swali lako la kwa nini mama bado anasahau.

Sasa kwa nini wasilizibe tundu lote? Hapa ndo binamu yako anaingia. Dawa ya mahindi anayoisema, nadhani ni Actellic, ndani yake kuna pirimifosi-methili, iko kwenye kundi la organofosfeti, na ndiyo, inakwenda kwenye kimeng'enya kilekile. Mdudu akiigusa tundu linazibwa, asetilikolini inajaa, misuli inatetemeka mpaka inakwama, anakufa. Mtu akiinywa kwa wingi ni hivohivo, mate yanamtoka, machozi, jasho, anaharisha, mboni za macho zinakuwa kama tundu la sindano, mapafu yanajaa majimaji, misuli inalegea, pumzi inakata. Kila nesi aliewahi kufanya kazi wilayani msimu wa kilimo anaijua hiyo sura, na anajua mbio za kutafuta atropini, dawa ya kumuokoa mtu na sumu hiyo. Kundi hilohilo ndo lilizaa sarini, ile gesi iliyomwagwa kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo mwaka 1995.

Tofauti iko kwenye namna ya kushika. Kimeng'enya hiki kina umbo la ajabu, pale kinapokatia ni chini kabisa ya shimo refu jembamba. Tulijua hivo mwaka 1991 pale Joel Sussman na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walipopata picha ya umbo lake kutoka kwa taa wa umeme, samaki ambae kiungo chake cha kutoa umeme kimejaa hicho kimeng'enya. Organofosfeti inashuka mpaka chini na kujifunga kwenye ile sehemu ya kukatia, inaganda, na ikikaa muda haitoki tena, mwili unabidi utengeneze kimeng'enya kipya. Donepezili inaingia kwenye shimo ikalala kwa urefu wake kama mwiko kwenye chupa, inazuia njia kwa muda halafu inatoka yenyewe. Juu ya hapo kuna dozi. Watafiti walipopiga picha za ubongo za watu wanaokunywa miligramu 5 au 10 walikuta kimeng'enya cha kwenye ubongo kimezuiwa kama robo tu hivi. Robo. Kwahiyo mwambie binamu ukoo ni kweli, kama chui na paka.

Na wala hii familia haikuanzia kiwandani. Ilianzia Afrika, kule Calabar, Nigeria ya leo, kwa Waefik, kuna mbegu waliita esere, mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa maji yake, akitapika hana hatia, akifa basi kesi imeisha. Sisi huku kusini tulikuwa na mwavi, mti mwingine na sumu nyingine ila mahakama ileile. Mwaka 1855 profesa mmoja wa Edinburgh, Robert Christison, aliitafuna kidogo hiyo mbegu mwenyewe ili aone, alipoona nguvu zinamuishia akagida maji yake ya kunyolea ndevu yenye sabuni ili atapike, akapona. Mwaka 1864 wakaitoa kemikali yake, ikaitwa fisostigmini, na mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa London, akaitumia kwa mgonjwa mwenye ule ugonjwa wa misuli kuchoka na kope kuanguka, nguvu zikarudi kwa muda. Yani sumu ya kiapo ikawa dawa ya hospitali miaka 60 kabla ya donepezili. Walipojaribu fisostigmini kwa Alzheimer miaka ya sabini na themanini kulikuwa na dalili za kusaidia ila inaisha mwilini haraka sana, na kutapika kwingi.

Ya kwanza kuruhusiwa rasmi ni takrini, Marekani mwaka 1993, kwa jina la Cognex. Mi huwa nawaambia wanafunzi takrini ndo darasa la nini kisifanyike. Mara nne kwa siku, kwa mtu anaesahau, fikiria. Na karibu nusu ya waliotumia, vipimo vya ini vilipanda, kwahiyo sindano za kutoa damu kila mara. Haiuzwi tena.

Donepezili ndo hadithi ninayoipenda. Hachiro Sugimoto alikuwa mkemia wa kampuni ya Eisai, Japani, na mama yake mzazi alikuwa ameingia kwenye kusahau. Anasimulia kwamba alipokwenda kumuona, mama alimuuliza we nani, akajitambulisha, na mama akamwambia kwamba na yeye ana mtoto mwenye jina hilohilo. (Umeniandikia mama kakuita jina la dada yake, nikamkumbuka huyu.) Miaka ya themanini timu yake ilihangaika na jamaa za takrini, zote sumu, wakaachana nazo. Kilichowaokoa ni bahati, kuna kemikali iliyotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, ya mishipa ya damu kuganda mafuta, na panya waliopewa wakaanza kutokwa mate. Mtu mwingine angeandika "madhara" akaitupa. Wao wakajiuliza mate yanatoka wapi, mate ni asetilikolini! Wakaishika hiyo, wakabadilisha kipande hiki, wakabadilisha kile, mamia ya molekuli, kuna moja ikawa kali mno kwenye mrija lakini ndani ya mwili haikufanya chochote, haiingii vizuri kwenye damu na inaisha upesi, mradi ukakaribia kufa. Mwishoni wakapata waliyoipa namba E2020. Inakaa mwilini, nusu yake inachukua kama saa 70 kuondoka, kwahiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na ini haliguswi kama ilivyokuwa kwa takrini. Marekani ikairuhusu mwaka 1996, Japani kwenyewe ikasubiri mpaka 1999.

Baada yake zikaja mbili tu zilizosimama. Rivastigmini, iliyochorwa kwa kuangalia ile fisostigmini ya Calabar, kazi ya Marta Weinstock-Rosin wa Chuo Kikuu cha Kiebrania Jerusalem, inazuia na ndugu wa pili wa kimeng'enya anaeitwa butirilikolinesterasi. Vidonge vyake vinatapisha kweli, ndo maana mwaka 2007 ikatoka ya kubandika kwenye ngozi, inatapisha kidogo zaidi. Ukiwahi kupewa hiyo ya kubandika, toa ya jana kabla ya kubandika ya leo, kuna watu wamebandikwa tatu nne kwa pamoja wakafa. Nyingine ni galantamini, inatoka kwenye maua ya theluji ya Ulaya mashariki, Wabulgaria chini ya Dimitar Paskov walikuwa wanaitumia kwa magonjwa ya neva tangu miaka ya hamsini, Marekani ikaipitisha kwa Alzheimer mwaka 2001. Hii ilibidi ibadilishwe jina la biashara kule Marekani maana Reminyl ilikuwa inachanganywa na Amaryl ya kisukari, watu wakashushwa sukari bure. Memantini ipo pia lakini hiyo haihusiki na tundu letu, inafanya kazi pengine.

Halafu kuna ile iliyoshindwa, na hii mpe binamu aisome mara mbili. Metrifonati. Wazee wa pwani wanaweza kuwa wameimeza, maana ilikuwa dawa ya kichocho cha mkojo, Kenya kule Kwale walipewa wanafunzi wa shule kwenye utafiti. Ni organofosfeti kabisa, ikiingia mwilini inageuka yenyewe polepole kuwa diklovosi, hiyohiyo diklovosi inayouzwa kuua wadudu! Na kwa kichocho ilifanya kazi, dozi chache zilizopishana wiki, watu wakapona. Sasa miaka ya tisini kampuni ya Bayer ikasema mbona hii inazuia kimeng'enya kwa muda mrefu na taratibu, tuijaribu kwa Alzheimer, kila siku, miezi na miezi. Alama za kumbukumbu zilipanda, vizuri tu kama donepezili. Kisha baadhi ya wagonjwa wakaanza kulegea misuli, wengine mpaka wakasaidiwa kupumua na mashine, na mwaka 1998 majaribio yakasimamishwa. Kwa hiyo hofu ya binamu iliwahi kutokea, kwa dawa nyingine, na ndo maana ile haipo dukani na hii ipo.

Sasa lile swali lako, kwa nini mpaka leo hawajatengeneza nyingine. Mi sidhani ni uvivu. Kutafuta kitu kinachozuia hiki kimeng'enya ni rahisi mno, kuna kipimo cha Ellman cha mwaka 1961, unachanganya kwenye mrija, kimeng'enya kikifanya kazi rangi inageuka njano, ukitia kizuizi inabaki bila rangi. Mwanafunzi wa digrii ya pili anakifanya asubuhi na mchana ana jibu. Nimeona majani, mizizi, magome ya kila aina yakiizuia ile njano, na kila mara kuna mtu anaandika kwamba amepata dawa ya Alzheimer. Ngumu inakuja baada ya mrija: inaingia kwenye damu? inavuka ukuta wa kuingia kwenye ubongo? ini linaivumilia? na kubwa zaidi, utumbo unaivumilia? Maana tundu la ubongo na tundu la utumbo na la moyo ni lilelile moja, kimeng'enya ni kilekile. Ukibana zaidi juu, chini mtu anatapika. Mwaka 2010 Marekani walipitisha donepezili ya miligramu 23, zaidi ya mara mbili ya kawaida, kilichoongezeka sana ni kutapika, faida ikawa ya kutafuta kwa tochi. Mi nilivyoona yale matokeo nikasema hapa ndo dari.

Watu wamejaribu kuzunguka dari. Kuna waliotafuta molekuli ndefu inayoziba na mdomo wa shimo, kwa sababu mdomo ule ulionekana kwenye mrija unasaidia amiloidi, ule uchafu wa protini unaojaa kwenye ubongo wa mgonjwa, kugandana, wazo zuri sana, nililipenda mno, kwa wagonjwa halijatoa kitu. Kuna walioacha tundu kabisa wakaenda kugonga mlango wenyewe, yani vipokezi vya asetilikolini. Zanomelini ilijaribiwa kwa Alzheimer miaka ya tisini, ikashindwa kwa tumbo hilohilo. Kisha kuna mtu akafikiria, kwa nini tusiipe pamoja na dawa nyingine inayofunga vipokezi vya mwilini lakini haivuki kwenda kwenye ubongo, trospiamu, na mwaka 2024 huo mchanganyiko ukapitishwa Marekani, kwa ugonjwa wa akili wa skizofrenia, na kwa Alzheimer bado unajaribiwa. Kwangu mimi hiyo ndo akili iliyokosekana miaka 30. Zile mpya mnazozisikia redioni, lekanemabu ya 2023 na donanemabu ya 2024, ni ukoo mwingine, zinasafisha amiloidi, zilitoka zikiwa za dripu, ni za walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, na zinataka picha za MRI mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuvimbisha au kuvujisha damu kwenye ubongo. Kwa mama wa miaka 74 ambae ameshaanza kuchanganya majina, na kwa hali ya kwetu, sitakudanganya, sio za kuuzia shamba.

Tuje kwenye tuendelee au tuache. Ukusanyaji wa majaribio mengi unaonyesha kwamba kwenye mtihani wa kumbukumbu wenye alama 70, baada ya miezi sita hivi, wanaokunywa wanawazidi wasiokunywa kama alama 2.7. Kwenye ule mfupi wa alama 30 ni kama alama moja. Ndogo! Kuna wenzangu wanasema ni upuuzi na serikali ya Uingereza kwa miaka kadhaa iliwanyima wagonjwa wa mwanzoni mpaka walipobadilisha maelekezo. Mi sikubaliani na wanaoita upuuzi, kwa sababu unatakiwa kuangalia mtu angekuwa wapi bila dawa na hicho hakionekani kwa macho, unamuona mama tu, humuoni yule mama mwingine wa bila dawa. Wakati wenzake wanashuka, kukaa palepale miezi sita ni ushindi ingawa hausherehekewi. Na mwaka 2012 Waingereza walitoa majibu ya watu 295 wenye ugonjwa wa kati mpaka mkali, wote walikuwa wanakunywa donepezili, wakawagawa, wengine waendelee na wengine wapewe kidonge kisicho na dawa ndani bila kujua. Mwaka mmoja baadae walioachishwa walikuwa nyuma kwa karibu alama mbili kwenye ule mtihani wa 30, na ufuatiliaji ukaonyesha ndani ya mwaka huo wa kwanza wengi zaidi kati yao waliishia kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwahiyo "bado anasahau" peke yake sio sababu ya kuacha. Kaeni na daktari muulizane vitu vidogo: anavaa mwenyewe? anafuata mazungumzo? anakumbuka kuswali, anajua njia ya chooni usiku? Hivo ndo vipimo vya nyumbani. Sababu za kuacha zipo, anatapika haachi, anakonda sana, anazirai, au amefika hatua ya mwisho hamjui mtu wala hali mwenyewe. Hata hapo inapunguzwa taratibu na daktari, haikatwi ghafla.

Na sasa sehemu ambayo ningekuwa Tanga ningekuja kuifanya mwenyewe. Chukua mfuko wa dawa zote za mama, zote, na zile za kwenye droo ya kitanda. Tafuta Piriton. Tafuta dawa ya kikohozi inayoleta usingizi. Tafuta amitriptilini ambayo wazee hupewa kwa miguu kuwaka moto. Tafuta oksibutinini ya mkojo. Hizi zote zinaziba vipokezi vya asetilikolini, yani huku unabana tundu ili maji yakae, huku mtu mwingine anafunga bomba la jikoni, mama anakunywa dawa mbili zinazopigana na gharama analipa mara mbili. Shangazi yangu mwenyewe alikuwa anauziwa Piriton duka la mtaani kila siku ya Mungu "imsaidie kulala", nami mtu wa vimeng'enya nipo mjini najisifu, miezi mitano sikujua. Ilipoondolewa hakupona lakini alirudi kujua leo ni siku gani. Ya mkojo angalia kwa makini zaidi kwa sababu ina mtego: donepezili yenyewe inaweza kumfanya akojoe harakaharaka, mnamrudisha hospitali, anaandikiwa oksibutinini, na hakuna aliegundua kwamba dawa moja imezaa nyingine.

Diklofenaki za magoti nazo punguzeni, hizi za Alzheimer zinaongeza asidi tumboni na pamoja zinaweza kuleta vidonda. Akiota ndoto za kutisha mpeni kidonge asubuhi badala ya usiku, mara nyingi zinaisha. Akitakiwa kufanyiwa operesheni yoyote mwambieni daktari wa usingizi kwamba anakunywa donepezili, kuna dawa ya kulegeza misuli wanayoitumia ambayo itakaa mwilini kuliko walivyopanga. Na kama hajawahi kupimwa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na VVU, viombeni, hasa B12 kama ana kisukari na anakunywa metifomini ya miaka mingi. Ni vipimo vya kawaida na vingine vinatibika, wazee wengi hawavipati. Halafu mazungumzo na nyimbo na mashindano ya kukumbuka kwa vikundi, usivione vya kitoto, wilayani Hai kule Kilimanjaro, ambako utafiti ulikuta karibu 6 kati ya kila watu 100 wa miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kusahau, wamejaribu vikundi vya namna hiyo na wazee walifaidika. Mama wa Tanga mwenye taarabu kichwani ana mtaji mkubwa hapo.

Kwa kaka Muscat. Huo mmea wa Kichina bila shaka ni wa huperzini, na amwambie aliemshauri kwamba huperzini ni kizuia asetilikolinesterasi vilevile! Ni kubana tundu lilelile kwa mkono wa pili, na nyumbani hamtajua kila kidonge kina kiasi gani maana kinauzwa kama chakula cha nyongeza, hakikaguliwi kama dawa. Marekani walikijaribu kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa mikrogramu 200 mara mbili kwa siku, majibu yakatoka mwaka 2011, hakikufikia lengo kuu la jaribio. Akichanganya na donepezili moyo ndo utakaolipa. Kwahiyo asitume vidonge, atume hela ya kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kwa sababu hukuniambia mama ana presha au hana, na kama anakunywa atenololi pamoja na hii, mapigo yanaweza kushuka, akasimama usiku kwenda chooni, kizunguzungu, akaanguka, nyonga ikavunjika, na nyonga kwa umri huo ni safari nyingine. Wakati mnasubiri mpimeni mapigo nyumbani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, mhesabu dakika nzima akiwa ametulia, asubuhi kabla ya kidonge, mkiandika kwenye daftari. Yakiwa chini ya 50, au kazirai hata mara moja, msimpe kidonge cha siku hiyo, mpigieni daktari palepale msisubiri tarehe ya kliniki.